Penye Madeni Niliandika "Hakuna"

Nilimziba baba yangu mdomo alipotaka kupanga mali yake angali na nguvu. Miaka minne baadaye, baba akiwa kaburini, nikaandika uongo kwenye fomu ya mahakama. Kosa la kwanza lilizaa la pili, na yote mawili yalimwangukia mtu mmoja, mdogo wangu wa kike, aliyemuuguza baba mpaka pumzi ya mwisho. Amenisamehe kwa mdomo. Mimi naona msamaha wake haunitoshi mpaka niseme hadharani nilichofanya, kwa sababu najua nyumba nyingi za kwetu Kigoma, za Kibirizi, Gungu, Mwanga na Ujiji, ambako jambo hili hili linaandaliwa sasa hivi, na wanaoliandaa ni watoto wanaowapenda wazazi wao, kama mimi nilivyompenda wangu.

Baba alikuwa na chombo kimoja cha kuvulia dagaa, chenye injini ya Yamaha, nyavu na taa zake. Alivua tangu enzi za karabai mpaka zilipokuja taa za sola. Alikuwa na nyumba ya vyumba sita Kibirizi, upande wa juu wa barabara, na uani nyumba ndogo ya vyumba viwili. Mama alitangulia zamani. Watoto tulikuwa watatu: mimi mkubwa, mwalimu wa sekondari Tabora, mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akitoka na chombo usiku, na katikati yetu mdogo wangu wa kike, aliyerudi nyumbani na mwanawe baada ya ndoa kuvunjika. Alianza biashara ya dagaa hapo hapo mwaloni. Alfajiri vyombo vikiingia ananunua, anaanika, anajaza magunia, anauza kwa wachuuzi wanaopeleka Tabora na Dar es Salaam na kwa Wakongo wanaovuka kuja sokoni. Injini ya zamani ilipokufa, yeye ndiye aliyeongeza fedha ikanunuliwa nyingine. Hawakuandikiana, yeye na baba.

Ziwa Tanganyika lilianza kupanda mwaka 2020. Ilipofika Idi ya Mei 2021 maji yalikuwa yamekula ufukwe wote walipokuwa wakianika akina mama, miti imesimama ndani ya maji, na waliojenga karibu na mwalo wamehamisha mabati yao. Nadhani hilo ndilo lililomgusa baba. Mtu aliyeishi miaka yote akijua mpaka wa kiwanja chake ni wapi, aliona ardhi yenyewe inaondoka. Mchana wa Idi aliniita barazani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wewe ndiye mwenye kalamu. Tafuta karatasi, waite baba zako wadogo na sheikh. Nataka nyumba ya uani nimpe mdogo wako nikiwa naona. Na ile injini ana fedha yake humo, iandikwe. Halafu tuseme nani ataniuguza nikianguka, na kwa fedha gani."

Nilimjibu: "Baba, leo Idi. Usijichurie."

Akanyamaza. Baadaye aliligusa tena kwenye simu, nikamwambia tutalizungumza nikija likizo. Likizo ilipofika nikazungumza mambo ya bei ya petroli.

Kwa miaka nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilimzuia kwa mapenzi, kwamba mtoto hawezi kukaa na baba yake akaandika habari za kifo chake. Kwetu mtoto anayemuuliza mzazi habari za wosia husemwa anangoja afe, na hofu hiyo ilikuwapo kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwahi kulitamka. Ile nyumba ya uani nilikuwa nimeshaipangia. Niliona nikistaafu nitarudi Kibirizi, nitaivunja, nitajenga yangu inayotazama ziwa. Baba alipotaja kumpa binti yake, moyo wangu ulikataa kabla kinywa hakijasema neno la uchuro. Nilitumia mila kulinda tamaa yangu.

Mwaka 2022 baba alianguka. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na ulimi. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, alitoa sauti moja tu isiyokuwa neno. Hospitali ilifanya kazi yake, akarudishwa nyumbani, na hapo ndipo gharama zilipoanza.

Watu wengi, nami nikiwemo wakati ule, tunapofikiria ugonjwa wa mzazi tunafikiria hospitali: kitanda, vipimo, dawa, bili. Hospitali ina mwisho. Kuuguza nyumbani hakuna tarehe ya mwisho. Mtu aliyepooza hubaki pale alipolazwa, na asipogeuzwa, ngozi ya visigino, nyonga na makalio hukosa damu, hubadilika rangi, kisha hupasuka kuwa kidonda kinachoweza kufika mfupani. Muuguzi alimfundisha mdogo wangu kumgeuza kila saa mbili, usiku na mchana. Akatega kengele ya simu saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Alimgeuza hivi: anakunja goti la mguu uliokufa, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, anamvuta kuelekea kwake, halafu anasukuma mto nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti ili mifupa isigusane. Kisha anapitisha kiganja kwenye visigino kutafuta joto, maana kidonda hujitangaza kwa joto kabla ya kufunguka. Baba alikuwa pande la mtu. Mdogo wangu ana mwili mdogo. Nilipokuja likizo nilimpokea zamu ya usiku, nikashindwa, nikasema mgongo unaniuma, akaamka yeye.

Alimlisha akiwa amemkalisha wima, kijiko kimoja kimoja, kwa sababu koo lililopooza hupitisha chakula kwenye mapafu. Alisaga dagaa kavu akachanganya kwenye uji mzito ili apate nguvu. Baba hakupata kidonda hata kimoja mpaka anakufa. Anayejua kuuguza anaelewa nimesema nini hapo.

Sasa fedha. Pakiti ya nepi za watu wazima yenye vipande 10 ilikuwa shilingi 15,000 au zaidi. Vipande vitatu kwa siku ni pakiti 9 kwa mwezi, yaani si chini ya 135,000 kwa kitu kimoja kinachotupwa. Ongeza dawa za shinikizo la damu, glovu, sabuni, mafuta ya ngozi, bajaji ya kwenda kliniki, posho ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa mwezi ilikuwa inakaribia 350,000, na hapo hujamlipa aliyekesha.

Nilidhani serikali ina mahali pake katika hesabu hii, na kweli ina mahali, ila padogo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Bima ya afya ya jamii iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Haya ni mambo makubwa na nayashukuru. Lakini yote yanahusu matibabu, na baba hakuhitaji tena matibabu mengi. Alihitaji kuoshwa, kugeuzwa, kulishwa, na mtu wa kukaa naye. Hakuna kadi inayolipia hayo. Zanzibar walianzisha pensheni kwa wote mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi. Ilikuwa heshima kubwa kwa mzee, na kwa bei nilizotaja kiasi hicho kilikuwa pakiti moja ya nepi. Huku bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Yapo makazi ya serikali ya wazee, mengine hapa hapa Kibirizi na mengine Ipuli kule Tabora ninakofundisha, lakini yamewekwa kwa wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza. Baba alikuwa na watoto watatu, nyumba na chombo. Wa kumtunza tulikuwa sisi, na katika sisi alikuwa mmoja.

Nalazimika kusema pia kwamba baba angeweza kujiwekea kitu. NSSF hupokea mchango wa hiari wa mtu aliyejiajiri, na mwenye chombo anaweza kuchangia akapata mafao uzeeni. Mimi mwenyewe nina hifadhi ya jamii kwa sababu mwajiri hukata kabla mshahara haujanifikia. Sikuwahi kumweleza baba kwamba na yeye anaweza. Kila nilipokuja nilikula samaki wake, nikarudi.

Kwa miaka miwili ya kwanza chombo kililipa sehemu kubwa. Mwaloni kwetu mapato ya usiku hutolewa kwanza mafuta na chakula, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Fungu la baba lilikuja nyumbani usiku wa giza. Mwezi ukiwaka ziwa halitoi kitu, taa hazivuti dagaa, na siku hizo mdogo wangu alijaza pengo kwa fedha ya magunia yake. Mimi nilituma kwa simu nilichoweza. Fedha ya baba mwenyewe, ile iliyokuwa benki na ile ya kwenye simu, hatukuigusa. Hakuna aliyekuwa na namba yake ya siri, na benki ilitaka sahihi yake. Nilikimbilia kwa mwanasheria kuomba hati ya uwakili. Akanieleza kwa upole kwamba hati hiyo hutolewa na mtu mwenye akili timamu anayeweza kueleza anachotaka, na hata ikiwa ilishatolewa, uwakili wa kawaida hukoma mwenyewe anapopoteza akili au kufariki. Kwa hiyo fedha ya mzee ilikaa salama wakati mzee ananunuliwa dawa kwa mkopo wa kikoba.

Halafu likaja jambo la chombo.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Kwetu ziwa lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Sipingi uamuzi huo. Dagaa na migebuka walikuwa wamepungua na kila mvuvi alikuwa akilalamika. Ila nyumba yetu ilikuwa inakula ziwani, na nilijua tarehe hizo mapema kama kila mtu. Sikujiandaa. Juni ilipofika, mdogo wangu akanipigia simu kwamba mtaji wake umekwisha. Alikuwa na mapendekezo. "Kaka," alisema, "tupangishe vyumba viwili vya mbele, kuna mtu yuko tayari kulipa miezi sita. Tuvuke mpaka Agosti. Chombo tusikiguse."

Nikakataa. Niliona aibu wapangaji waingie nyumba ya mzee angali kitandani, watu watasema watoto wamemgeuza baba yao mradi. Nikiwa Tabora, kwa simu, nikatafuta mnunuzi wa chombo na injini, nikauza kwa milioni 6, bei ya ziwa lililofungwa, wakati kila mwenye shida naye ameweka chake sokoni. Nyumba ambayo haikuwa ikiingiza hata shilingi nikaihifadhi kwa ajili ya heshima. Kilichokuwa kikituletea fedha nikakiuza.

Na kilikuwa cha nani? Leseni ilikuwa na jina la baba. Baba alikuwa hai, hakuwa amesema nikiuze, hakuwa na namna ya kusema. Niliuza mali ya mtu aliye hai bila idhini yake, na hakuna aliyeniuliza kwa sababu mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa mdogo wangu ilikuwa pia ni injini yenye fedha yake ndani, ile baba aliyotaka iandikwe. Ziwa lilipofunguliwa na vyombo vikaanza kutoka jioni, baba alimwona mdogo wangu wa kiume bado yuko nyumbani saa ile. Akainua mkono wake mzima, akauelekeza ziwani, akatoa ile sauti yake. Alikuwa anauliza chombo chake. Aliyelazimika kumjibu ni binti yake. Mimi sikuwapo.

Baba alifariki mapema mwaka 2025. Baada ya arobaini ukoo ukakaa, muhtasari ukaandikwa, nikapendekezwa msimamizi wa mirathi. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, na yetu ilikwenda huko. Tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, nikateuliwa. Msimamizi hutakiwa ndani ya miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Hapo ndipo nilipoandika uongo.

Kabla sijaijaza fomu, mdogo wangu aliniletea daftari la kaunta, lile jekundu mgongoni wanalotumia wenye maduka. Ndani yake kila mstari una tarehe, kitu, bei, na fedha ilikotoka: ya chombo, ya kaka, yangu, ya kikoba. Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa mkono ulionyooka. Kadiri unavyofungua, mwandiko unalala, mistari mingine imeandikwa usiku kalamu ikiteleza, na ukurasa mmoja una doa la uji. Alikuwa amejumlisha mistari ya "yangu" na "kikoba" peke yake. Ilifika 6,500,000. Hakudai. Alisema tu, "Kaka, hili likae kwako, utaona la kufanya."

Nililiweka kwenye begi. Kwenye fomu, penye madeni ya marehemu, niliandika: hakuna.

Nyumba iliuzwa milioni 35, pamoja na ile ya uani. Tangu gati la Kibirizi lijengwe, upande wetu unatafutwa na wafanyabiashara. Warithi tulikuwa wana wawili na binti mmoja, na kwa mafungu ya Sura ya Nisaa mwana wa kiume huchukua mawili ya binti, kwa hiyo fedha hiyo iligawanywa mara tano. Mimi milioni 14, mdogo wangu wa kiume 14, mdogo wangu wa kike 7. Watu walisema mirathi ya fulani imekwenda kwa sheria, haina kelele, na mimi nilisifiwa.

Lakini sheria hiyo hiyo inaanza na jambo jingine. Mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wosia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Fedha aliyotumia mdogo wangu kununua dawa na nepi za baba, ilhali baba ana mali yake, ilitakiwa iletwe mbele ya kikao na mahakama, iamuliwe kama ni deni. Ingekubaliwa, kwenye milioni 35 zingetoka kwanza 6,500,000, zikabaki 28,500,000 za kugawana. Yeye angepata 5,700,000 za urithi juu ya fedha yake, jumla 12,200,000. Mimi na mdogo wangu wa kiume tungepata 11,400,000 kila mmoja. Kila mmoja wetu alichukua 2,600,000 zilizotoka kwenye usingizi wa dada yetu. Nilifanya hesabu hii baada ya mgawo, usiku, na mimi ni mwalimu wa hisabati. Ningeweza kuifanya kabla.

Na daftari lile halina hata mstari mmoja wa kazi. Miaka karibu mitatu ya kuamka kila saa mbili haimo. Nilimuuliza sheikh kama inaweza kudaiwa. Alinieleza kwamba ujira hutokana na makubaliano, na mtoto anayemuuguza mzazi bila makubaliano huhesabiwa ametenda wema, malipo yake yako kwa Mungu. Nikamuuliza baba angefanya nini kama ningemletea ile karatasi. Majibu yake nayaandika hapa kwa sababu najua wengi hawayajui, kama nami sikuyajua.

Baba asingeweza kumwandikia binti yake wosia wa nyumba ya uani, kwa kuwa mrithi hapewi kwa wosia ila warithi wenzake waridhie. Lakini angeweza kumpa kama hiba, akiwa mzima, mbele ya mashahidi, na kumkabidhi kweli: funguo mkononi mwake, yeye akae humo, iwe yake siku ile. Angeweza kukiri mbele ya watu kwamba kwenye injini kuna fedha ya binti yake, na kukiri huko kungekuwa deni lililothibitika. Angeweza kukubaliana naye kwamba akianguka, atakayemuuguza atalipwa kiasi fulani kutoka fungu la chombo. Yote matatu ndiyo aliyoyataja siku ile ya Idi, kwa lugha yake ya mvuvi. Baba hakusoma fikihi, lakini alijua alichotaka na alikuwa amesimama mahali sahihi. Alipoanguka, milango ikafungwa mmoja mmoja, kwa sababu zawadi inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia, na mtu asiye na ulimi hana wa kumshuhudia alichokusudia.

Majirani zetu wasiofuata sheria ya Kiislamu wana njia yao, nayo ina miiba yake. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 inamweka binti daraja la tatu, chini ya wana wa kiume, na mjane haimpi fungu. Inasema atunzwe na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ardhi ya ukoo binti aliruhusiwa kuitumia tu, asiuze, mpaka mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Holaria Pastory na Bernardo Ephrahim, aliposema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Chini ya mila hiyo wosia una nguvu, ila una masharti: wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo; wa kuandikwa, kwa mtu ajuaye kusoma, mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na kwa asiyejua kusoma wanne. Karatasi iliyofichwa chini ya godoro yenye sahihi ya mzee peke yake haimsaidii mtu. RITA huandika wosia na kuuhifadhi, kwa hiyo hata hofu ya kuibiwa au kuchanwa ina dawa.

Kuna dhana nyingine niliyoitumia kama blanketi. Kwetu msimamizi wa mirathi huonekana kama ndiye aliyerithi, anatembea kifua mbele, anaamua. Msimamizi ni mtumishi wa warithi na wa wadai. Kazi yake ni kukusanya, kulipa, kugawa, na kurudisha hesabu mahakamani. Mimi nilikuwa mrithi na msimamizi kwa wakati mmoja, na nilipojaza pale penye madeni mrithi ndiye aliyeshika kalamu.

Nimekwenda kwa mdogo wangu wa kike na daftari lake mkononi. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya nyumba ya uani niliyokuwa nimeipangia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia alikuwa anajua. Baba alimwonyesha ile nyumba kwa kidole mara nyingi akiwa kitandani, na alielewa anataka kusema nini, lakini aliona akisema yeye ataonekana mwizi. Nimeanza kumrejeshea zile 2,600,000 zangu, na nimemwongezea fungu kwa ajili ya injini kadiri tulivyoweza kukumbuka pamoja. Mdogo wetu wa kiume hajakubali kutoa zake. Anasema mahakama ilishafunga, na mimi ndiye niliyeifunga, kwa hiyo sina uso wa kumlaumu. Siku hizi yeye ni mvuvi kwenye chombo cha mtu mwingine. Dada yake, aliyekuwa akiuza dagaa kwa magunia, anauza kwa sado, amepanga chumba Mwanga, na mgongo unamuuma kweli.

Kama umeteuliwa kusimamia mirathi na hesabu hujaipeleka, bado una nafasi niliyoipoteza mimi. Muite aliyemuuguza marehemu kabla hujaandika chochote. Muulize alitumia nini na alikopa wapi, hata kama hana daftari, hata kama ni mke wa kaka yako au binti wa kazi ambaye hajalipwa miezi. Yaweke hayo mbele ya kikao cha ukoo, yasomwe kwa sauti, kisha yaandikwe penye madeni.